Panino, toast, piadina au tramezzino: uagize kipi, na ukiiteje

Malindi kwetu Kiitaliano hakifundishwi, kinaokotwa. Kinaokotwa ufuoni, hotelini, kwa wauza vinyago, na kwa wazee wa Kiitaliano walioanza kuja tangu enzi za kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco, pale Ngomeni, miaka ya 1960. Mimi changu nilikiokota jikoni. Niliajiriwa kwenye mkahawa mdogo wa mzee mmoja wa Kiitaliano, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusimama mbele ya mashine ya kubania mikate, ile yenye vyuma viwili vizito vya mifuo, kimoja chini kimoja juu, na mpini ambao ukiushika bila kitambaa unajuta. Nje ya mkahawa palikuwa na ubao: PANINI. Ndani, mzee mwenyewe alilitamka neno hilo pale tu alipotaka mikate miwili au zaidi.

Baadaye nikapata kuishi Italia miaka michache, Rimini kwanza, halafu Bologna. Huko ndiko nilikofahamu kwamba hiki tunachokiita panini, yaani mkate uliotiwa vitu ndani ukabanwa kwenye chuma cha moto hadi ukapata mistari, Waitaliano hawana jina moja la kukiita. Wana majina mengi, na kila jina linakwambia kwanza mkate ni wa aina gani. Habari ya moto huja baadaye, tena kwa kuulizwa. Kwa hiyo anayetaka kuchagua vizuri, awe yuko Milano au yuko kwenye mkahawa wa Nairobi au Dar es Salaam wenye menyu ya Kiitaliano, na aanze na mkate. Vya ndani atavichagua baadaye bila shida.

Jina kwanza, tulimalize

Pane ni mkate. Panino ni mkate mdogo. Panini ni mikate midogo. Ukienda kwa mwokaji ukaomba panini vinne, utapewa mikate minne mitupu, haina hata siagi. Uliotiwa kitu ndani jina lake kamili ni panino imbottito, na hilo imbottito ndilo neno wanalolitumia kwa mto au godoro lililoshindiliwa. Siku hizi watu husema panino tu, wakaelewana.

Waingereza na Wamarekani walipolichukua neno, walichukua wingi wakaufanya umoja, kisha wakaupa wingi mwingine wa kwao: paninis. Wafaransa wamefanya vivyo hivyo. Kuna Waitaliano ambao wakilisikia hilo hukunja uso kama waliotafuna ndimu. Sisi Waswahili hatuna ubavu wa kumcheka mtu hapa. Skonzi, chipsi, soksi: yote hayo yalikuwa wingi kule yalikotoka, sisi tukayapokea na s zake na tukaendelea na maisha yetu. Nani amewahi kuingia dukani akaomba "skoni moja"? Basi kwa Kiswahili "panini moja" si kosa, neno limekwisha kuhamia. Ila ukisimama mbele ya kaunta ya Kiitaliano, sema un panino. Ukitaka viwili, due panini.

Kutamka hakutakusumbua. Irabu zao ndizo zetu, na mkazo kwa mengi ya majina haya hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Angalia herufi mbili tu. Ch yao ni k, kwa hiyo bruschetta ni "brusketa", na wahudumu wa kwetu wanaosema "brusheta" wameitoa kwa Waingereza. Na ci ikifuatwa na a ni cha: ciabatta ni "chabata". Halafu ukitafuta panini kwenye intaneti usishangae ukiletewa sura za wachezaji mpira. Hiyo ni kampuni ya stika ya Modena, iliyoanzishwa mwaka 1961, na Panini ni jina la ukoo wa wenyewe.

Panino au toast?

Hapa ndipo pa kuchagua kwa kweli, kwa sababu hivi viwili hukaa pamoja kwenye kabati moja la kioo, vyote hupita kwenye mashine ile ile, na mgeni huona ni kitu kimoja.

Toast ya Kiitaliano si ule mkate mkavu wa kupakwa siagi na jamu. Ni sandwichi yenye sura maalumu: slesi mbili za mkate mweupe wa mraba, wanaouita pancarré, katikati jibini na paja la nguruwe lililopikwa. Ukisema un toast, hakuna atakayekuuliza ndani mtiwe nini, wameshajua. Ukiagiza mbili ni due toast, neno halibadiliki, maana Kiitaliano hakiyapi maneno ya kigeni alama ya wingi. Hapo wanafanana na sisi na skonzi zetu. Na toast lazima ipite motoni. Toast baridi haipo.

Panino ni mkate wenye ganda, wa mviringo au mrefu, uliopasuliwa ubavuni. Moto wake ni hiari. Utaonyesha kwa kidole kile unachokitaka, na mhudumu atakuuliza, "Lo scaldo?" Nikupashie? Swali hilo fupi ndilo linaloamua kama utakula kile ambacho dunia nzima inakiita panini au utakula mkate wa baridi, na mara nyingi jibu zuri ni hapana. Mashine yenyewe wanaiita piastra, bamba. Ukiona kwenye menyu alla piastra, ujue hicho kimeshapangiwa kubanwa.

Kwa nini hapana? Kwa sababu ya kinachokaa ndani. Paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, wanaloliita crudo, likiingia motoni mafuta yake yanayeyuka na chumvi inapanda hadi unatafuta maji. Mboga za majani zinalegea kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Mozzarella mbichi inatoa maji, mkate unalowa kwa ndani huku nje unaungua. Jibini zinazopenda chuma ni zile ngumu kiasi: fontina ya Valle d'Aosta, au scamorza, ambayo ni kama mozzarella iliyoning'inizwa ikakauka. Mzee wangu wa Malindi alikuwa na utaratibu mmoja asiouvunja. Mkate na jibini peke yake huingia kwenye mashine. Dakika tatu, nne. Ukitoka, anaupasua kwa ncha ya kisu, jibini inavutika kama utomvu wa fenesi, ndipo anatia nyama baridi na majani, anaufunga, anaukata mshazari. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana hapo, maana ukichelewa jibini inaganda na mkate haufungiki tena vizuri.

Mkate wa panino nao ni mwingi. Milano wana michetta na Roma wana rosetta, mikate midogo yenye umbo la waridi na tumbo tupu. Ni mizuri kwa vitu baridi. Ukiibana inavunjika kama ganda la yai. Kinachobanika vizuri kupita vyote ni ciabatta, kwa kuwa unga wake hukandwa na maji mengi, ndani unakuwa na matundu matundu yanayokubali kukandamizwa, na nje ganda linakauka likalia krap. Watu hudhani ciabatta ni mkate wa mababu. Ulibuniwa mwaka 1982 na Arnaldo Cavallari, mwenye kinu cha unga wa Adria, kaskazini mashariki ya Italia, ambaye pia alikuwa dereva wa mashindano ya rali, katika jitihada za kushindana na mkate mrefu wa Kifaransa. Akauita ciabatta, yaani ndara, kwa vile umebabataa. Neno hilo ni la ukoo mmoja na sapato la Wareno, ambalo sisi wa pwani tulilichukua tukalifanya sapatu. Kwa hiyo ukiagiza ciabatta, umeagiza sapatu.

Chagua basi. Una haraka, una mtoto, au hujui Kiitaliano hata kidogo na huna tatizo na nguruwe: toast, maana haina namna ya kukushangaza. Unataka kula kwa ajili ya kile cha ndani, nyama au mboga zilizochomwa: panino, na mkate uulizie ciabatta. Focaccia utaikuta pia, mraba uliopasuliwa na kujazwa. Hiyo ina mafuta ya zeituni tangu kwenye unga, kwa hiyo kwenye chuma inabadilika rangi upesi, na mashine ikiwa na mhudumu mzembe inatoka na ladha ya moshi. Wenyewe wa Genova huipenda tupu, na wapo wanaoichovya kwenye kapuchino asubuhi. Niliwaona, nikajaribu, nikarudia.

Jambo moja kabla hatujaenda mbele: bar ya Italia si baa. Ni mahali pa kahawa. Asubuhi utakuta bibi na mjukuu wake, polisi, fundi, wote wamesimama kwenye kaunta. Pombe ipo rafuni lakini hakuna anayekutazama vibaya kwa kuingia, wala wewe usiione aibu. Na kusimama kuna faida yake, maana sehemu nyingi ukikaa mezani bei inapanda.

Piadina, binamu wa chapati

Hii ndiyo naipenda kuliko zote, sifichi, na nitaikalia kidogo.

Piadina ni ya Romagna, ule upande wa Rimini, Ravenna, Forlì na Cesena. Ni mkate bapa, mviringo, usiotiwa hamira ya mkate. Unga wa ngano, chumvi, maji, mafuta, pengine magadi kidogo. Unasukumwa kwa mpini, unachomwa juu ya bamba, zamani la udongo siku hizi la chuma, linaloitwa testo. Mpaka hapo msomaji wa pwani ameshanipita mbele: hii ni chapati. Hata mimi siku ya kwanza Rimini, nilipomwona mama mmoja kwenye kibanda cha mistari anasukuma, anatupa bambani, anaitoboa vitundu kwa uma, anageuza, nilijisikia nimefika kwa shangazi.

Lakini si chapati, na tofauti iko mdomoni. Chapati yetu ya kusukuma tunaipaka mafuta, tunaikunja, tunaizungusha kama konokono, ndiyo maana ina tabaka na inachambuka. Tena inakaangwa. Piadina mafuta yake yamo ndani ya unga, haina tabaka, na bamba ni kavu. Inatoka na madoa ya kahawia, imara, inakunjika mara moja katikati bila kupasuka, na haiachi mafuta vidoleni. Kwa kubeba vitu ndani ni hodari kuliko chapati. Kwa kuchovya kwenye mchuzi, chapati inaishinda mbali.

Hata ndani ya Romagna kwenyewe wanabishana. Kaskazini, upande wa Ravenna na Forlì, ni ndogo na nene, sentimita 15 hadi 25 kwa upana na unene wa milimita 4 hadi 8. Ya Rimini ni pana na nyembamba, sentimita 23 hadi 30, na haizidi milimita 3. Hizi nilizokupa ndizo namba zilizo kwenye kanuni rasmi, kwani tangu 2014 jina Piadina Romagnola linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, na aina zote mbili zimeandikwa humo ili pasiwe na vita. Mimi ni wa Rimini kwa kulelewa, kwa hiyo nakwambia nyembamba. Nene inashibisha kabla hujafika kwenye kilichokupeleka.

Kilichokupeleka, kwa kawaida, ni jibini laini ya huko iitwayo squacquerone, ambayo haikatwi kwa kisu, inapakwa kwa kijiko, pamoja na rucola, yale majani makali kidogo ambayo ndugu zetu wa Oman na Ghuba wanayajua kwa jina la jirjir. Mkate wa moto, jibini baridi, majani mabichi. Mashine ya kubana haihitajiki, joto la mkate linatosha, na hapo ndipo piadina inapoizidi panino: majani hayalegei.

Ukitaka kitu kilichofungwa kabisa na chenye moto mpaka ndani, usiombe piadina, omba crescione, ambayo watu wa Rimini wanaiita cassone. Ni unga ule ule, ukitiwa mboga za majani au nyanya na mozzarella, ukakunjwa nusu mwezi, kingo zikabanwa kwa uma, ndipo ukachomwa. Fikiria sambusa kubwa isiyokaangwa. Tofauti na piadina ni kwamba humu vitu vinaingia kabla ya moto. Anayelalamika kuwa piadina yake "haijaiva ndani" alikuwa anatafuta crescione bila kujua jina.

Nilipohamia Bologna nikakutana na jamaa yao mdogo wa milima ya Modena, mkate wa mviringo wa kiganja kimoja unaoletwa mezani kikapu kizima, kila mtu anajipasulia na kujijazia. Wengi wanauita tigella. Wazee wa Modena watakusahihisha kwamba tigella ni kile kigae cha udongo kilichotumika zamani kuuokea, vigae na mikate vikipangwa ghorofa ghorofa karibu na moto, na kwamba mkate wenyewe ni crescentina. Jina la chombo limekimeza chakula. Ukienda na watu wengi, chagua hizo. Ukiwa peke yako haina maana.

Nguruwe

Hili lingestahili kuwa la kwanza kwa wengi wetu, na menyu nyingi hazilisemi.

Siku moja pale Malindi aliingia mama mtu mzima wa Mombasa, na buibui lake, na mabinti wawili. Menyu ilikuwa na panini crudo na panini cotto, basi, bila maelezo. Mmoja wa mabinti alikuwa amesoma Kiitaliano kidogo cha hotelini, akamfasiria mama: crudo ni mbichi, cotto ni iliyopikwa. Nikaja na daftari langu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo mbichi siitaki. Nipe iliyopikwa, na iive sawasawa."

"Mama, samahani. Zote mbili ni nguruwe."

Alinitazama, akamtazama binti, akaifunga menyu taratibu na kuisukuma hadi ukingo wa meza kwa kidole kimoja. Akasema, "Haya. Chai ipo?" Chai ilikuwapo. Nikamwomba mpishi afute bamba, atandaze karatasi, tukawabania mkate wa jodari na nyanya, nao wakala, ingawa mama aliunusa kwanza.

Binti hakukosea tafsiri. Ni kwamba Waitaliano hulidondosha neno prosciutto, paja la nguruwe, na kubaki na sifa yake tu. Kwa hiyo cotto na crudo ni nguruwe. Salame, speck, mortadella, porchetta, pancetta: nguruwe, wote. Bresaola kwa kawaida ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, ya Valtellina, lakini uchinjaji wake ni suala jingine. Tacchino ni bata mzinga, tonno ni jodari, uovo ni yai. Caprese ni nyanya, mozzarella na majani ya basil, na verdure grigliate ni mboga zilizochomwa.

Hatari iliyojificha zaidi imo ndani ya mkate. Piadina ya jadi hukandwa kwa strutto, shahamu ya nguruwe. Hata ukiiagiza na jibini tupu, nguruwe umeshamla. Kanuni zenyewe huruhusu mafuta ya zeituni badala yake, na vibanda vingi huandika all'olio kwenye ubao. Kama haikuandikwa, uliza: "C'è strutto?" Crescentina nazo ni hivyo hivyo. Toast na ciabatta kwa kawaida mkate wake hauna shida hiyo, shida ni mashine, maana bamba moja hupitisha kila kitu tangu asubuhi. Anayeshika sana dini yake atapumua zaidi kwenye maduka ya kebab, ambayo Italia yamejaa na mengi yao huandika halali mlangoni. Huko nako utaulizwa unataka panino au piadina, na swali lina maana ile ile: mkate wa kupasua au mkate bapa wa kukunja. Mimi huko huchukua bapa. Mchuzi hautoroki.

Visivyobanwa

Tramezzino ndiyo inayowapotosha watu, maana ni sandwichi ya Kiitaliano, imo kwenye kabati lile lile, na imetengenezwa kwa mkate mweupe kama wa toast. Mtu anaielekeza kidole na kusema ipashwe. Usifanye hivyo. Tramezzino ni pembetatu laini, haina ganda, imepakwa mayonezi, ndani jodari na yai au mboga, na kabla ya kuuzwa hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevunyevu ili isikauke. Sifa yake yote ni ulaini. Venezia wanaijaza katikati hadi inatuna kama tumbo la mzee aliyestaafu vizuri.

Inachekesha kwamba ilizaliwa karibu na mashine ya kuchomea. Kwenye Caffè Mulassano ya Torino, pale Piazza Castello, kuna kibao kinachosema kuwa tramezzino ilibuniwa hapo mwaka 1926 na Angela Demichelis Nebiolo. Yeye na mumewe walikuwa wamerudi kutoka Detroit, na husimuliwa kwamba walikuja na mashine ya kuchomea mikate, wakaanza kuuza toast, halafu wakajaribu kuuacha mkate ule bila kuuchoma. Jina linahesabiwa kuwa la mshairi Gabriele D'Annunzio, aliyetaka neno la Kiitaliano badala ya lile la Kiingereza. Tramezzo ni ukuta wa kugawa vyumba. Tramezzino, kiambaza kidogo.

Schiacciata ya Firenze ni nyingine. Jina lina maana ya iliyobanwa, iliyokandamizwa, kwa hiyo mgeni hutazamia mistari ya mashine. Kilichobanwa ni unga, kwa ncha za vidole, kabla ya kuokwa, ndiyo maana juu ina vishimo vya mafuta ya zeituni na chumvi. Ikishaokwa hupasuliwa na kujazwa nyama na jibini baridi, na foleni zake huko Firenze huzunguka pembe ya mtaa. Kuipasha ni kuikausha.

Na mozzarella in carrozza, mozzarella ndani ya gari la farasi, ni mkate na jibini vilivyochovywa kwenye yai vikakaangwa kwa mafuta mengi. Tamu mno, inachoma ulimi, lakini isikuingie kwenye hesabu hii.

Nyumbani bila mashine

Mashine za kubania siku hizi zipo madukani, za umeme, ndogo. Kabla hujanunua, jaribu hivi. Chukua chuma chako cha chapati, kipashe moto wa wastani, bila mafuta. Juu ya mkate weka sufuria ndogo, kitako chake kiwe safi, umeijaza maji nusu. Uzito wa maji unatosha kubana, na ukitaka kubana zaidi unaongeza maji badala ya kusimama hapo unasukuma kwa mkono. Dakika tatu, geuza, dakika mbili. Mistari hutaipata, na mistari haina ladha.

Mkate wa jana unafaa kuliko wa leo, kwa kuwa wa leo ukibanwa unashikana kama ugali. Ukipata boflo lenye ganda, lipasue na litumie kama ciabatta. Ukiwa na slesi za dukani, hiyo ni toast, na siagi pakaa kwa nje, si kwa ndani. Jibini ya kwetu iliyo rahisi kupatikana, ile ya njano ya kukwangua, inayeyuka vizuri tu. Nyanya toa mbegu na maji yake. Badala ya nyama ya nguruwe mimi hutia kuku wa jana aliyechambuliwa, na nikiwa Malindi, samaki wa kupaka aliyebaki, bila mifupa, na majani ya kotmiri yanayoingia mkate ukishatoka motoni, kama alivyofanya mzee na rucola yake.

Wanangu hawajui panino wala piastra. Wanaiita tosti ya sufuria, na kila mmoja anataka yake ibanwe na sufuria kubwa.